Si Masunga, Ni Mimi Niliyeifunga Ile Ekseli

Kambarage, Shinyanga
Jumapili mchana

Kabula,

Salamu sikuandikii. Tunaishi nyumba moja, na leo ni siku ya nne unapita mbele yangu bila shikamoo, kana kwamba nimekuwa nguzo ya umeme. Basi na mimi sitakuuliza habari za afya. Afya unayo. Nimekuona asubuhi ukilikandamiza begi kwa goti mpaka zipu ikakubali.

Niko gereji. Nimefunga geti, simu nimeizima. Mama yako atakupa habari za neti, za maji ya kuchemsha na za wanaume wa machimboni. Hayo ni yake na anayajua kunizidi. Mimi nina jambo moja tu, na Alhamisi nililisema vibaya kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira bado ninayo. Ila kwenye karatasi huwezi kuniacha katikati ya sentensi ukaenda kuubamiza mlango.

Ulisema, "Baba, umeshindwa kungoja hata wiki moja?" Wewe umesikia nusu ya habari, tena umeisikia kwa Bwana Lugata, kwenye simu. Sasa isikie yote kwa aliyeifanya.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Bwana Lugata hakuwa na yadi kubwa unayokwenda kesho. Alikuwa na mashimo mawili ya dhahabu huko Geita na Landkruza pikapu moja, na lile gari aliliamini kuliko ndugu zake. Akalileta hapa. Akataka liinuliwe, maana njia ya kwenda mashimoni ilikuwa mawe matupu na tumbo la gari lilikuwa linakwaruza. Akataka matairi makubwa. Halafu akataka kitu ambacho sikuwahi kukifanya: ekseli ya nyuma irudi nyuma futi nzima, ili aweke bodi refu la kubebea mabomba ya kuchorongea.

Nilimwambia, "Bosi, hiyo ni kazi ya siku sita."

Akacheka. "Fundi, wewe si ndiye mkubwa hapa Kambarage? Nina wageni Ijumaa. Wanakuja kuyaona mashimo. Nipe siku tatu."

Na mimi, kwa sababu ameniita mkubwa mbele ya watu, nikasema sawa.

Ungekuwa wewe ndiye uliyekuwepo, na akili uliyonayo sasa, ungenizuia. Unajua kuliko mimi kwamba kuinua gari si kazi. Kila mwenye jeki anaweza kuinua gari. Kazi ni kuvifanya vilivyokuwa vinatazamana viendelee kutazamana. Propela, lile bomba linalozunguka kutoka giaboksi hadi difu la ekseli ya nyuma, ina maungio mawili, krosi, moja kila mwisho. Mdomo wa giaboksi na pua ya difu vikilala kwa mwinamo mmoja, kile kinachovurugwa na krosi ya mbele kinanyooshwa na krosi ya nyuma, na dereva hahisi kitu. Mwinamo ukitofautiana, krosi zinapigana zenyewe kwa zenyewe kila propela inapozunguka, maelfu ya mara kwa safari moja, mpaka moja ife.

Hilo nililijua hata wakati ule. Sikuwa mjinga, Kabula. Hilo ndilo linaloniunguza. Mjinga ana pa kujifichia.

Siku ya tatu nilichomelea vikalio vya springi kwenye ekseli kwa macho tu. Kipima-pembe nilikuwa nimekiazima kwa fundi mwenzangu na alikuwa amekuja kukichukua asubuhi. Ningeweza kumfuata. Sikumfuata. Nikafumba jicho moja, nikainama, nikasema hapo panatosha. Matundu ya bolti za kati za springi nikayatoboa upya, na la kulia likarudi nyuma kuliko la kushoto kwa unene wa kidole. Niliona. Nilipima, nikaona, nikairudisha futi ya kupimia mfukoni. Propela nikaikata, nikaiunga bomba, nikaifunga. Ile ekseli ikakaa upande, difu likainamisha pua chini, na mimi nikapaka rangi nyeusi juu yake mpaka ikang'aa.

Nikalijaribu hadi Ibadakuli na kurudi. Mwendo wa sabini, kimya. Kufika themanini, sakafu ikaanza kuvuma. Kurudi, nikasimama ng'ambo ya barabara nikamwambia mwenzangu aliendeshe linipite. Lilikuwa linakwenda kiupande, matairi ya nyuma hayakanyagi yalipokanyaga ya mbele, kama ng'ombe aliyeteguka nyonga.

Bwana Lugata alikuwa amesimama getini na shati lake jeupe. "Fundi, umemaliza?"

Nikajibu, "Nimemaliza, bosi."

Neno hilo nimelikasirikia miaka kumi na moja.

Dereva wake alikuwa Masunga. Wewe unamkumbuka kwa jina tu, kama mfano wa uzembe. Mimi namkumbuka akiwa na miguu miwili. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, akiendesha na kofia ya pama magotini kwa sababu ilikuwa ikigusa paa. Akipita Shinyanga hakosi kuingia hapa kunywa maji. Ulimletea wewe maji hayo mara nyingi, kwenye kikombe cha bluu, akakuita "mayu", yaani mama, na kukuuliza umekuwa wa ngapi darasani.

Wiki ya pili baada ya kulichukua gari, alikuja. Hakuketi. Akasema, "Fundi, hili gari linanitetemesha. Nikigusa themanini, kiti kinanguruma kama kuna mzinga wa nyuki chini. Njoo ulale chini yake uangalie."

Ningelala chini yake, Kabula, ningelazimika kuona. Na nikishaona, ningelazimika kukata upya, na Bwana Lugata angejua kwamba mkubwa wa Kambarage amekosea. Nikamjibu nikiwa nimesimama, nikijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu: "Ni matairi hayo, Masunga. Matairi ya magamba makubwa ndivyo yalivyo. Utayazoea. Usilikimbize tu."

Akaniamini. Akasema, "Haya, wewe ndiye fundi," akaondoka.

Siku tisa baadaye alikuwa anateremka mlima, hajafika Geita, bodi limejaa mabomba. Krosi ya mbele ikakatika. Propela ikaanguka mbele, ikachoma barabara kama mkuki, ikalinyanyua gari kwa nyuma na kulibiringisha. Alikuwa peke yake. Walipomtoa, mguu wake wa kushoto ulikuwa chini ya mlango. Hospitali waliukata chini ya goti.

Kufika hapo ilikuwa uzembe wangu. Kuanzia hapo ni kitu kingine, na jina lake sijalipata.

Bwana Lugata alinipeleka kuliona gari. Nikaingia chini. Nikaishika krosi mkononi. Vikombe vyake vilikuwa vimeungua mpaka vimekuwa vya bluu, na vile vijiti vya ndani vilikuwa vimesagika unga. Hakuna spidi inayofanya hivyo. Hivyo hufanywa na mwinamo mbaya, polepole, siku baada ya siku. Nilikuwa nimeshika ushahidi wenyewe, una joto la jua. Bwana Lugata akaniuliza, "Unaonaje, fundi? Maana hapa ni wewe au ni dereva."

Hakunitisha. Nataka uelewe hivyo, kwa sababu watu wanadhani uovu unakuja na panga. Aliniuliza kwa upole, na mkono wake ulikuwa begani kwangu.

Nikasema, "Dereva alikimbiza."

Akanipa karatasi nikaandika hivyo, kwamba kazi ya gereji ilikuwa sawa na kwamba gari lilikuwa katika mwendo usiofaa. Nikasaini. Ile krosi nikaitupa kwenye dimbwi la oili chafu.

Halafu nikaenda hospitali kumwona mgonjwa. Ndiyo, nilikwenda. Nilibeba na machungwa. Masunga alinishika mkono akaniambia, "Fundi, nimekuwa nikiwaza. Sikumbuki kukimbiza. Labda nilisinzia."

Ningemwambia pale. Palikuwa na mimi na yeye na dirisha. Nikamwambia, "Ndiyo mambo ya dunia, ndugu yangu. Shukuru umebaki hai."

Akanishukuru, Kabula. Alinishukuru kwa machungwa.

Karatasi yangu ikafanya kazi yake. Masunga akafukuzwa, na hakuna mwenye gari aliyemwita tena. Mjini wakasema alisinzia. Baada ya mwezi wakasema alikuwa amelewa, na Masunga hajawahi kunywa pombe maishani. Nilikuwa nikiyasikia hayo hapa hapa, nikiwa chini ya magari, nikanyamaza. Bwana Lugata akaniletea kila gari aliloliongeza. Wewe umejifunza ufundi kwenye magari hayo. Umelala chini ya Landkruza zake ukiwa na sare ya shule.

Sasa nije kwenye swali lako, kwa nini nisingoje.

Wiki tatu zilizopita Bwana Lugata alipopiga simu kusema anakutaka kwenye yadi yake, wewe uwe mkaguzi wa magari yote yaliyoinuliwa kabla hayajatoka, mama yako alichinja kuku. Tukala. Ulikuwa umefurahi, ukawa unatuhesabia mambo utakayoyafanya. Ukasema: "Na madereva wake nitawanyoosha. Sitaki uzembe wa kina Masunga."

Nilikukasirikia. Nilitaka kulirusha lile bakuli la mchuzi. Nilijiuliza huyu mtoto amejifunza wapi kumtemea mate mtu aliyewahi kumletea maji. Nikaona aibu kabla sijameza tonge, kwa sababu nilijua amejifunza wapi. Yalikuwa maneno yangu. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ya Lugata, na sasa yanatoka kinywani mwa mwanangu, mezani pangu, na yeye anayaamini. Uongo wangu ulikuwa umekwisha kukua na kuanza kazi.

Siku kumi na tisa sikulala vizuri. Jumatano nikapanda basi mpaka Tinde.

Masunga anatengeneza baiskeli kando ya njia. Amenenepa. Aliponiona akanyoosha mkono, "Mwangaluka, fundi! Umepotea wapi?" Akaniondolea vyuma kwenye benchi nikae.

Sikukaa. Nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, ekseli, pembe, krosi, karatasi.

Akaniacha nimalize. Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Miaka kumi na moja," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Ile barabara naijua kona kwa kona kuliko nilipokuwa naiendesha. Kila siku nashuka ule mlima nikitafuta niliposinzia. Mke wangu akinigusa usiku nikishtuka, nadhani nimesinzia tena. Nimewakataza wanangu kujifunza gari. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akanipiga na gongo lake hapa begani, upande wa kushoto. Ukitaka kujua kwa nini Alhamisi sikuinua jeki, ndiyo sababu. Akanipiga mara ya pili. Watu wakaja mbio, akawaambia, "Mwacheni! Huyu ni wangu." Sikujikinga. Si ushujaa. Nilitamani aendelee.

Akachoka kabla yangu. Akasema, "Mpigie Lugata. Hapa. Weka sauti nisikie."

Nikapiga. Nikamwambia Bwana Lugata kwamba niko na Masunga, na kwamba ile karatasi ilikuwa ya uongo, na nitaandika nyingine. Unajua alinijibu nini? Hakukasirika. Alisema kwa upole ule ule, "Fundi, binti yako anaripoti kwangu wiki ijayo. Fikiria mtoto."

Nikasema, "Ndiye ninayemfikiria." Akakata.

Asubuhi yake akakupigia wewe. Na hapa, Kabula, ndipo hasira yangu inapokuhusu, nami sitaifunika. Nilikuwa nyuma ya mlango wa stoo. Nilikusikia. Alikwambia uje, kazi ipo, ila baba yako afunge mdomo. Nawe ukajibu, "Nitaongea naye, bosi."

Nitaongea naye, bosi! Wewe! Wewe uliyelitoa gari la mchungaji barabarani kwa sababu ya nati moja, mchungaji akanuna mwezi mzima, wala hukujali. Ulimjibu kwa sauti yangu ya miaka kumi na moja iliyopita. Ndiyo maana nilipiga kelele. Sikuwa nakupigia kelele wewe peke yako, lakini ulikuwa wewe pia, na nisikudanganye kwamba hukuwa wewe.

Jana nilirudi Tinde. Hilo hujalijua, ulidhani nimekwenda msibani. Masunga aliwaita kaka zake wawili, mkewe na watoto, akataka niliseme mbele yao wote, kwa sababu wote walikuwa wamelala na aibu ile. Nikalisema nikiwa nimesimama uani. Hakuna aliyenipa kiti na sikutarajia kiti. Kaka mkubwa akaniuliza kama nina watoto. Nikasema ninaye mmoja. Akasema, "Basi nenda ukamtazame usoni," akatema mate chini.

Binti yao Holo yuko kidato cha tatu. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo baba hakuwa amelewa?"

Nikasema, "Hakuwa amelewa."

"Hakusinzia?"

"Hakusinzia. Aliendesha vizuri. Gari lilikuwa bovu, na mimi ndiye niliyelitengeneza hivyo."

Akaondoka akaingia ndani. Mama Holo akamfuata. Nikasikia mtu analia, sikujua ni nani kati yao.

Hawajanisamehe. Sikuomba, kwa sababu kuomba kungekuwa kuwaongezea kazi nyingine. Masunga alinisindikiza hadi barabarani na gongo lake. Basi lilipokuja akaniambia, "Hiyo karatasi mpya, andika kwa herufi kubwa. Mke wangu haoni vizuri." Nimeiandika leo asubuhi, nakala tatu. Moja itakwenda kwao kesho, moja polisi, moja kwa Bwana Lugata. Ya Lugata naipeleka mwenyewe. Usiibebe wewe. Si mzigo wako.

Sikukatazi kwenda. Mama yako alitaka nikukataze, nikakataa. Hiyo kazi umeistahili kwa mikono yako, na kama Shinyanga yote ingetafuta mtu wa kulala chini ya gari na kusema ukweli wake, ningekutaja wewe kabla ya mtu yeyote, mimi nikiwa wa mwisho. Huko mashimoni wanaoketi kwenye yale mabodi marefu ni watu kumi, kumi na tano, wamejibana juu ya mabomba. Hawajui pembe wala difu. Wanajua tu kwamba kuna mtu ameliangalia gari.

Huenda kesho kutwa, siku ya kuripoti, Bwana Lugata akakuzuia getini. Usimsihi, geuka, panda basi, vyuma hapa havijaisha. Lakini nadhani atakupokea. Anahitaji jina lako kwenye karatasi zake, kama alivyohitaji langu. Na siku moja ataleta gari limepakwa rangi nyeusi inang'aa, ekseli imekaa upande, wageni wanangoja, ataweka mkono begani kwako kwa upole. Utamwambia gari halitoki. Atakwambia, "Baba yako angesaini."

Mwambie ndiyo. Mwambie alisaini, na Masunga wa Tinde anatembea na gongo. Halafu ukae pale pale mbele ya lile gari, usiondoke mpaka lirudishwe kwenye jeki.

Ni mimi baba yako,
ambaye bado ana hasira, na bado ni baba yako.